Nilivyoacha kupiga mikwara kwenye meza ya Magomeni

Mwaka mzima nilikuwa nafungwa poka na watu ambao wala hawakuwa na habari ya kunifunga. Wao walikuja kupumzika, kunywa kahawa na kuona karata. Mimi nilikuja na mbinu. Kila Ijumaa mbinu zangu ziliniacha na nauli tu mfukoni, na wenzangu wakinisindikiza hadi mlangoni: "Pole, wiki ijayo nawe utapata." Walisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniuma zaidi.

Meza yenyewe iko Magomeni, uani kwa shemeji yangu aliyemwoa dada. Mimi nauza spea za magari Kariakoo, upande wa Gerezani. Nikishafunga duka napanda mwendokasi palepale Gerezani, nashuka Magomeni Mapipa, natembea kidogo. Masika ikikolea na Jangwani ikajaa maji, mabasi hayapiti, na wiki hiyo nabaki nyumbani. Kwa shemeji tunakaa sita kwenye meza ya mbao iliyotandikwa blanketi la kijivu, lile zito, ili karata ziteleze na zisikunjike kona. Chini ya meza kuna dawa ya mbu, pembeni birika la kahawa, na kashata ambazo ikifika usiku wa manane huwa zimefanya karata zote zinate.

Yupo Mzee, mstaafu wa reli, ambaye wote tunamwita Mzee tu. Yupo Mwalimu, anayefundisha shule ya msingi na amebakiza miaka michache astaafu. Yupo fundi wa friji na viyoyozi, yupo jirani anayenunua mchele Mbeya na kuuza Tandale, yupo shemeji, na mimi. Hakuna anayekata chochote: pesa iliyoingia mezani ndiyo inayotoka. Niliwahi kukaa kwenye meza ya kasino mjini mara mbili. Kule kasino yenyewe inakata sehemu ya mzigo, yaani pesa yote iliyowekwa mezani, na kwa anayecheza dau dogo kato hilo linakula faida kabla hujaiona. Sikurudi.

Kwa asiyeujua mchezo: tunacheza Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha zinafunuliwa tano katikati kwa ajili ya wote. Tatu zinakuja kwa mpigo, tunaziita flopu, halafu ya nne, halafu ya mwisho. Kila hatua kuna kuweka dau, na unaweza kufuata kwa kulipa sawa na wenzako, kupandisha, au kutupa karata zako na kutoka. Mwenye mkono bora wa karata tano katika hizo saba anachukua mzigo, au anauchukua aliyebaki peke yake baada ya wenzake wote kutupa. Watu wawili kila raundi wanalazimika kuweka pesa kabla hawajaona kitu, kwetu ni 500 na 1,000, ndizo blaindi. Mtu anakaa na 50,000 hadi 100,000, asizidi hapo.

Kwa hiyo njia za kuchukua mzigo ni mbili. Ama uwe na karata, ama uwapige mkwara wenzako hadi watupe. Mimi nilipoanza niliipenda hiyo ya pili kupita kiasi, na najua ilikotoka.

Poka nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama mashindano ya Las Vegas. Kuna raundi moja niliitazama hadi nikaikariri: World Series of Poker ya 2003, wamebaki wawili. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kwa kucheza kwenye intaneti, na Sam Farha, mtu ambaye poka ndiyo kazi yake. Mezani kuna 9, 2, 6, 8 na 3, na tatu kati ya hizo ni shupaza. Farha ana jozi ya tisa, jozi kubwa kuliko zote zinazowezekana na karata zile za mezani. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba. Shupaza ya nne mkononi anayo, ya tano ya kutimiza flashi, yaani karata tano za aina moja, haikuja. Hana kitu kabisa. Anasukuma chipu zake zote katikati. Farha anafikiri, anazigusa karata zake, anafikiri tena, anatupa. Moneymaker akaondoka na ubingwa na dola milioni 2.5.

Nikasema moyoni, huu ndio mchezo.

Miezi michache baadaye nafasi yangu ikafika. Nilikuwa na mfalme na kumi, zote shupaza. Flopu ikaja na shupaza mbili, tisa na tano, pamoja na nane ya kopa. Nikaweka dau, wote wakatupa isipokuwa Mzee. Karata ya nne mbili ya uru, nikaweka tena, Mzee akafuata. Ya mwisho tatu ya pau. Flashi yangu haikutimia. Mezani kulikuwa na 30,000, mbele yangu zilibaki 45,000. Nikakumbuka Las Vegas, nikazisukuma zote, nikakaza macho kwenye birika la kahawa nisije nikajionyesha usoni.

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la kanzu, upande mmoja, kisha wa pili, akairudisha usoni, akainua kona za karata zake mbili kama mtu anayehakikisha tarehe kwenye risiti. "Mie nipo," akasema, akahesabu 45,000 kwa noti za elfu tano zilizokunjwa, moja moja.

Alikuwa na tisa na sita. Jozi ya tisa, ileile aliyoitupa Farha.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa ajili ya pesa peke yake. Nilijiuliza jambo moja: mbona mtu anayeishi kwa poka alitupa jozi ile na mstaafu wa Magomeni akailipia bila wasiwasi? Nikamwona Mzee ni mcheza mbaya mwenye bahati. Ndivyo nilivyoamini kwa miezi kadhaa, na imani hiyo iliendelea kunitoza kila Ijumaa.

Jibu nililipata dukani. Kuna mteja anayeingia akiwa ameshapita maduka manne, anajua bei ya kila moja, anajua ipi orijino na ipi si orijino. Huyo mnazungumza kwa maneno yenye pande mbili, kila mmoja anampima mwenzake. Halafu kuna mteja ambaye gari lake limelala gereji, fundi amemwandikia kwenye kipande cha boksi "bushi za mbele", na yeye anachotaka ni bushi za mbele. Ukianza kumwambia mzigo umekwama bandarini, ukamwonyesha kwamba wengine wanazigombania, hakusikii. Anakutazama tu. Unamwekea bushi nzuri juu ya kaunta, unataja bei, analipa, anaondoka.

Farha alitupa kwa sababu alijiuliza mwenzake ana nini. Mzee hajiulizi mimi nina nini. Anatazama karata zake, ana jozi, anataka kuona mwisho wake. Mkwara ni maneno, na maneno yanahitaji msikilizaji. Nilikuwa nahutubia watu waliokuja kutazama karata.

Nikaanza kufanya hesabu ambazo zamani nilizikwepa. Ukiweka dau la 20,000 kuiba mzigo wa 20,000, ni lazima wenzako watupe angalau nusu ya mara ndipo usipate hasara. Sasa chukulia una watu watatu mbele yako, na kila mmoja ni mwepesi wa kutupa, anatupa mara sita katika kumi. Wote watatu kutupa kwa pamoja ni mara mbili tu na ushei katika kumi. Na hao ni wepesi. Mwalimu hatupi mara sita katika kumi. Mwalimu akishaona hata jozi ya nne anasema, "Ngoja nione," na hapo basi, umeshalipa.

Kwa hiyo nikaacha. Sikupunguza; niliacha kabisa kumpigia mkwara Mzee, Mwalimu na muuza mchele. Ile peke yake ilipunguza hasara yangu kuliko kitu chochote nilichokisoma. Lakini kutopoteza ni nusu ya safari, na nusu ya pili niliichelewa kwa kosa la upande wa pili: nikipata karata nzuri kweli, nilikuwa nazificha.

Usiku mmoja nilipewa esi mbili. Ni mkono bora kuliko yote ya kuanzia, na unakuja mara moja katika 221, maana yake kuna Ijumaa nyingi unaweza kukaa hadi saa saba usiku usiuone. Watu wote watano walikuwa wameingia kwa 1,000. Nami nikaingia kwa 1,000, kimya, nikijiambia nawategea. Flopu: tisa ya pau, nne ya pau, saba ya uru. Nikaweka 3,000, wanne wakafuata. Karata ya nne ikawa nne ya kopa. Nikaweka 10,000, wakabaki Mwalimu na Mzee. Ya mwisho mbili ya shupaza, nikaweka 25,000. Mzee akatupa. Mwalimu akafuata, akageuza karata zake polepole, akauliza mezani, "Hizi zinatosha?"

Jeki na nne. Tatu za nne. Alikuwa ananifunga tangu karata ya nne, hakupandisha hata mara moja.

Zile 39,000 nilizozitoa usiku ule sikuzisahau, kwa sababu zilinifundisha vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni hesabu: esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya watu watano, zinashuka hadi chini kidogo ya nusu. Kwa kukaa kimya niliugeuza mkono bora wa mchezo kuwa sawa na kurusha shilingi. Cha pili ni kwamba niliwategea watu wasiohitaji kutegwa. Mtego unawekewa mnyama anayekwepa. Mwalimu hakwepi, ukimwambia ni 8,000 kuingia, anafikiri kidogo kisha anaingia. Basi mwambie 8,000.

Hapo ndipo uchezaji wangu ulipogeuka. Nikiwa na karata nzuri nataja bei, na naitaja kubwa. Vitabu na video nyingi zinasema pandisha mara tatu ya blaindi. Kwa meza yetu, ukipandisha hadi 3,000 wanaingia wote kama kwamba hukusema kitu. Mimi napandisha hadi 7,000, hata 9,000 kama walioingia kabla yangu ni wengi. Anabaki mmoja, wawili. Hao wawili wana jeki na nne, saba na tano za kopa, malkia na mbili. Naomba nieleweke: si kwamba nataka wote watupe. Nataka wanaobaki walipie.

Na wanapolipia, hawaangalii ukubwa wa dau. Hili lilinishangaza nilipolichunguza. Kwa Mzee, 8,000 na 14,000 baada ya flopu ni kitu kimoja: akiwa na jozi anafuata, akikosa anatupa. Mwenye kuuza akijua kwamba mteja ananunua kwa bei zote mbili, ataje ipi?

Hesabu nzuri zaidi ni ya muuza mchele, kwa sababu yeye anapenda flashi kama watoto wanavyopenda ubuyu. Akiona karata mbili za aina moja mkononi na mbili mezani, hatoki. Tuseme karata ya nne imeshafunuliwa, mzigo ni 30,000, mimi nina jozi kubwa, yeye anasubiri pau. Karata asizoziona ni 46, na pau zilizobaki humo ni 9. Nikaweka 20,000 naye akafuata. Rudia raundi hiyo mara 46. Mara 9 pau inakuja, anachukua 50,000, zile 30,000 zilizokuwepo na 20,000 zangu: jumla 450,000. Mara 37 haiji, anaacha 20,000 zake: jumla 740,000. Tofauti ni 290,000, na ukiigawa kwa 46 unapata kama 6,300. Kila anapofuata ananiachia 6,300, hata usiku ule anaposhinda na kupiga meza kwa furaha.

Sharti ni moja. Pau ikishuka mwisho, naye aliyekuwa kimya akaamka na dau, nisimlipe. Nikimlipa, faida yote nimeirudisha. Na zamani, kwa woga wa kufungwa, karata ya nne ikija nilikuwa napitisha bila kuweka kitu. Nilikuwa nampa karata ya mwisho bure mtu aliyekuwa na pesa mkononi tayari kuinunua.

Jozi ndogo nazo zikapata maana mpya. Mbili mbili, tano tano, sita sita: zamani nilizipandisha, nikazipigania, zikaniumiza. Ukishika jozi, nafasi ya kupata ya tatu kwenye flopu ni kama mara moja katika nane na nusu. Kwa hiyo naingia kwa bei ndogo tu, na naingia kama nilicho nacho mezani, na alicho nacho mwenzangu, ni mara kumi na tano au ishirini ya bei hiyo. Isipokuja, natupa bila huzuni. Ikija, naweka dau mara tatu mfululizo, kila hatua, bila madoido, kwa sababu nacheza na watu ambao hawatupi esi yenye jozi hata paa la nyumba likiwaka moto. Mkono wangu bora mwaka jana ulikuwa tano tano. Hauna hadithi yoyote: tano ikaja kwenye flopu, muuza mchele alikuwa na esi, akafuata, akafuata, akafuata.

Sasa nije kwa jambo lililonigharimu kuliko yote, nalo linamhusu Mzee.

Nilikuwa na esi na mfalme. Flopu: esi, mfalme, nane. Jozi mbili za juu, mkono ambao mtu anauomba. Nikaweka 6,000, Mzee akafuata. Karata ya nne sita, nikaweka 12,000, Mzee akafuata. Ya mwisho tatu, haina maana kwa mtu yeyote. Nikaweka 15,000, mkono tayari umeshaanza kusogea kuchukua mzigo. Mzee akasogeza rundo la noti. Hakusema kitu. Shemeji akahesabu: 50,000.

Miezi kumi na minne nilikuwa nimecheza na Mzee. Nikijaribu kukumbuka mara ngapi alipandisha baada ya karata ya mwisho, vidole vya mkono mmoja vilitosha na kubaki. Nilikuwa na habari yote niliyoihitaji. Nikailipa. Tatu za nane, alizipata tangu flopu, akazikalia kama kuku anayeatamia.

Waswahili walishasema kimya kikuu kina mshindo mkuu, na mimi niliusikia msemo huo tangu utotoni bila kujua kwamba siku moja utakuwa na bei. Mchezaji anayepandisha kila wakati, kupandisha kwake hakukuambii mengi. Mchezaji anayefuata usiku kucha, siku akipandisha amekuonyesha karata zake karibu zote. Tangu siku hiyo nina kanuni: Mzee akipandisha baada ya karata ya nne au ya mwisho, jozi moja natupa, jozi mbili natupa, na hata karata tatu za namba moja nazitazama mara mbili. Si rahisi. Kila kiungo mwilini kinakuambia umesubiri saa tatu kupata esi na mfalme, unatupaje? Lakini zile saa tatu Mzee hazimhusu.

Fundi wa friji ni habari nyingine, na inabidi nimtaje kwa sababu nilikaribia kuharibu tena kwa kuwaweka wote kapu moja. Yeye naye ni mpole, anaingia kwa 1,000 raundi nyingi, lakini akikosa flopu anatupa palepale, karata zinaruka kabla zamu yake haijafika. Karata mbili zisizo jozi hukosa kabisa kujozika kwenye flopu karibu mara mbili katika kila tatu. Basi tukibaki mimi na fundi wawili tu, naweka dau moja dogo, nusu ya mzigo, niwe na karata nisiwe nazo. Akitupa, vizuri. Akifuata, ana kitu, nami naishia hapo. Ndio mkwara pekee uliobaki kwenye uchezaji wangu: mmoja, mdogo, kwa mtu mmoja ninayemjua.

Na wote hawa nawachezea nikiwa nasema wa mwisho kadiri inavyowezekana. Mtu mpole anakuambia kila kitu kwa vitendo vyake: amepitisha, hana, ameweka mwenyewe, anazo. Ukiwa wa mwisho unakuwa umeshasikia yote kabla hujatoa shilingi.

Kuna jambo la mdomo pia, na hapa nina msimamo. Siku moja kijana mmoja, rafiki wa fundi, alikuja kama mgeni. Mwalimu akamfunga kwa saba na mbili. Kijana akaanza kumsomea Mwalimu somo: karata zile hazichezwi, asilimia kadhaa, mtu mwenye akili hawezi kufuata pale. Mwalimu akanyamaza, akasogeza kikombe chake. Ijumaa iliyofuata hakuja. Nilikwenda mwenyewe kumwona, nikampa shikamoo, nikamwambia, "Mwalimu, meza ni yako kabla haijawa ya kijana yule." Alirudi. Kijana hakualikwa tena. Mtu anayefuata kwa saba na mbili hajakukosea; amelipa pesa yake halali kuona karata, na mara nyingi amelipa zaidi ya anachopata. Akishinda, mpe mkono, mwambie hongera na uimaanishe. Mimi humaanisha, kwa sababu namheshimu, na kwa sababu asingekuwa anashinda mara kwa mara asingekuwa anarudi.

Sitaki mtu asome hapa akadhani sasa nashinda kila wiki. Ukicheza na watu wasiotupa utafungwa na karata za ajabu mara nyingi kuliko kwenye meza ya mabingwa, maana wengi wanabaki hadi mwisho na mmoja wao huwa amebahatika. Nimewahi kufungwa Ijumaa sita mfululizo nikicheza vizuri. Wiki ya sita nilichukua 200,000 ya dukani, amana ya mteja aliyeagiza gia boksi, nikaenda nayo Magomeni ili nirudishe. Ilikwisha saa nne na nusu. Mteja nililipia kwa kuuza simu yangu, na dada nilimwambia ukweli mwenyewe kabla hajausikia kwa mumewe. Tangu hapo kuna bahasha ya poka, 100,000 kwa mwezi, ikiisha nakaa nyumbani. Na kuna daftari. Kwenye maduka mengi ya Kariakoo imeandikwa ukutani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Langu lina tarehe, nilichoingia nacho, nilichotoka nacho, na raundi moja au mbili nilizokosea. Mwaka wa kwanza ukurasa baada ya ukurasa umeandikwa kwa wino mwekundu. Mwaka wa pili nyekundu na bluu zinapishana. Wa tatu bluu ni nyingi, si kwa pesa ya kununua kiwanja, ni kwa pesa ya kununua nguo za sikukuu.

Ijumaa iliyopita umeme ulikatika saa tatu, tukacheza kwa taa ya kuchaji iliyoning'inizwa kwenye kamba ya nguo. Nilipewa esi na malkia. Nikapandisha 7,000, Mzee peke yake akafuata. Flopu ikaja esi, kumi, nne. Niliweka, alifuata. Karata ya nne malkia. Jozi mbili. Niliweka 18,000, alifuata. Ya mwisho ikawa saba ya uru. Nikaweka 20,000.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, upande mmoja, kisha wa pili. Akasukuma pesa zake zote.

Shemeji alikuwa anahesabu kwa sauti, amefika 60,000, nilipozigeuza karata zangu kifudifudi na kuzisogeza katikati. Muuza mchele akasema, "Aa, shemeji yako kaogopa." Mzee hakuchekelea. Aliuvuta mzigo kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda kidogo juu ya miwani.

"Ulikuwa nazo, mwanangu?"

"Nilikuwa nazo, Mzee."

Akatikisa kichwa, akazichukua karata zake mbili bila kuzifunua, akazichomeka katikati ya zile zilizobaki, na kumpa Mwalimu achanganye.